Mnara na Upepo



Wengi hudhani ya kuwa adui mkuu wa mnara mrefu ni uzito wake mwenyewe. Lakini uzito husukuma chini, nayo mawe na chuma hustahimili sana kugandamizwa. Upepo husukuma ubavuni, nao hutaka kuupindua mnara mzima.

Tena nguvu za upepo huongezeka kupita mwendo wake. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, msukumo huwa mara tisa. Na huko juu upepo huenda kwa kasi zaidi, kwa kuwa hauzuiwi na miti wala nyumba.

Hasara ya kulidharau jambo hili ilionekana Uskoti, usiku wa tarehe 28 Desemba 1879. Dhoruba iliangusha sehemu ya kati ya daraja la Mto Tay, iliyosimama juu ya nguzo ndefu za chuma, na gari la moshi lililokuwa likipita likatumbukia majini. Hakusalimika hata mmoja. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa Thomas Bouch, aliyelibuni daraja hilo, hakuuhesabia upepo ipasavyo, na kazi ya chuma nayo ilikuwa na kasoro.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1889, kampuni ya Gustave Eiffel ilimaliza mnara wa Paris, wenye kimo cha mita 300 hivi. Miguu yake imetanuka chini, kama mtu atanuavyo miguu asije akasukumwa akaanguka, nao huzidi kuwa mwembamba kwa kupinda kadiri uendavyo juu. Umbo hilo lilitokana na hesabu za upepo. Na kwa kuwa umeundwa kwa vyuma vilivyopishana, upepo hupenya katikati yake.

Iko hatari nyingine. Upepo upitapo mnara huacha nyuma yake visulisuli, mara kuume, mara kushoto. Vikiafikiana na myumbo wa mnara wenyewe, myumbo huzidi, kama pembea isukumwayo kwa wakati wake. Ndiyo sababu Burj Khalifa ya Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2010 na yenye mita 828, hubadili umbo ngazi kwa ngazi, ili visulisuli visipate kupatana.

Basi, kabla ya kuuliza mnara utafika wapi, mjenzi hana budi kuuliza upepo utausukuma kwa kadiri gani. Kwani wakaao ndani yake wameweka roho zao katika hesabu zake.