Je, Wajua? Rweya Si Ardhi Tupu

Ukitoka Rwamishenye, Bukoba, mkoani Kagera, ukashika barabara ya Kemondo kwenda Muleba, unapita migomba, mara nyasi, mara migomba tena. Nyasi hizo ndizo rweya, na wengi huziona kama ardhi iliyolala tu ikisubiri jembe.

Je, wajua kwamba kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, kimelishwa na rweya kwa vizazi vingi? Ng'ombe walishinda huko wakichungwa, jioni wakarudi na samadi nyumbani. Nyasi zilikatwa zikatandazwa chini ya migomba, zikaezekea misonge, zikatandikwa sakafuni. Rutuba ilihamia kibanjani bila kurudishwa. Ongeza na mvua ya karibu na ziwa, inayofikia milimita 2,000 kwa mwaka na kuosha udongo wa mawe ya mchanga, ndipo utaelewa kwa nini rweya ukiilima mahindi hukuangusha mapema.

Je, wajua kwamba rweya ililimwa hata zamani? Akina mama walikata mabonge ya nyasi, wakayakusanya na kuyachoma, wakapanda njugu mawe kwenye omusiri, yaani shamba la rweya. Wakishavuna waliuacha ulale miaka kadhaa, nyasi zikarudi. Leo kilichobadilika ni mapumziko: shamba halilali tena.

Je, wajua kwamba idadi ya aina za mimea inaweza kukudanganya? Shika jembe ung'oe shina moja la nyasi za rweya. Chini utakuta mizizi iliyosukana, na katikati yake vitunguu na viazi vya maua madogo ambayo huchipua baada ya moto kupita. Mimea hii huishi miaka mingi na hutegemea sehemu yake iliyo ardhini, si mbegu. Ikilimwa mfululizo, hufa. Nafasi yake huchukuliwa na kishona nguo, mgeni kutoka Amerika aliyeenea hadi kwenye mashamba ya Asia. Ukihesabu, huenda ukapata aina nyingi vilevile. Lakini umebadilishana mali ya Kagera na magugu ya dunia nzima, na mimi siiti hiyo faida.

Je, wajua kwamba kuna nyasi iliyopewa jina la Kagera? Ni Loudetia kagerensis, mkazi wa udongo haba na wenye mawe.

Je, wajua nyasi zilizolimwa huchukua muda gani kurudi kama zilivyokuwa? Mwaka 2020 watafiti Ashish Nerlekar na Joseph Veldman walikusanya matokeo ya tafiti za nchi mbalimbali. Walikuta kwamba nyika ya kale iliyovurugwa huhitaji walau miaka 100 kurudisha wingi wa aina zake, na mara nyingi zaidi ya hapo. Anayelima leo hataiona ikirudi, wala mjukuu wake.

Na mti je? Misonobari na mikaratusi nayo imeingia rweya. Kijani kipo, hewa ni safi, ila nyasi za juani hazivumilii kivuli. Kupanda miti si kosa. Kosa ni kudhani kila penye nyasi palikuwa na msitu uliokatwa.

Je, wajua senene wanakula nini? Maua na mbegu changa za nyasi. Wewe unayewasubiri Novemba ukiwa na taa na ndoo, uliza mlo wao uko wapi.

Kibanja chenyewe kina utajiri wake: migomba, kahawa, maharage, miti ya mushambya na muhumula bega kwa bega. Ila ni utajiri wa kupandwa, wala hauhifadhi mmea hata mmoja wa rweya usioweza kuishi kivulini.

Sasa ombi kwako mwenye shamba Bukoba au Muleba. Kabla ya kufungua rweya mpya, angalia kikamba chako, kile kibanja kilichochoka na kuachwa. Kipande hicho kimeshalimwa tayari. Panda marejea yarudishe nitrojeni, weka samadi, ndipo urudishe maharage na migomba.