Chanjo ya mafua si ya mahujaji pekee

Je, msomaji, nyumbani kwako kuna mzee anayekohoa kila asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi, na ambaye hawezi tena kupanda ngazi bila kusimama njiani avute pumzi? Basi makala haya yanamhusu.

Mnamo Mei 6, 2020, serikali ilipofunga Mji wa Kale, Mombasa, ili kuzuia korona, mgonjwa wangu mmoja alikuwa bibi wa Kibokoni aliyepika mahamri ya kuuza kwa zaidi ya miaka 30. Hakuwahi kuvuta sigara. Kilichomharibu mapafu ni moshi wa kuni na makaa katika jiko lisilo na dirisha. (Wengi hudhani maradhi haya ni ya wavutaji tu. Sivyo.) Nilimshauri kwa simu kwamba njia ikifunguliwa achanjwe dhidi ya homa ya mafua. Akanijibu, "Daktari mwanangu, sindano ya korona siitaki."

Wakati huo chanjo ya korona haikuwapo. Hapa Kenya ilianza kutolewa Machi 2021. La ajabu ni kwamba mwanawe alikuwa amedungwa sindano hiyo hiyo ya mafua mwaka 2019 alipokwenda Hija. Kijana mwenye mapafu mazima alikingwa, mama mwenye pumzi fupi akabaki.

Mafua yalipungua sana duniani wakati wa barakoa, kisha yakarudi. Bibi yalimkuta mwaka 2022, akalazwa siku tisa akipumua kwa oksijeni. Kwa mtu mzima wa afya, mafua ni homa ya wiki moja. Kwa mwenye mapafu yaliyokwisha kuchakaa, njia za hewa huvimba na kujaa makohozi, nimonia hufuata, na nguvu alizokuwa nazo awali huenda zisirudi zote.

Virusi vilivyomo katika sindano hiyo vimeuawa, kwa hivyo haiwezi kukutia mafua. Mkono utauma, pengine na homa kidogo ya siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Si kinga kamili, wala haizuii korona, lakini hupunguza uwezekano wa kulazwa. Hurudiwa kila mwaka, maana virusi hubadilika, na hapa kwetu karibu na ikweta mafua hayangoji baridi kama ya Ulaya.

Aghalabu chanjo hii hununuliwa katika kliniki na hospitali za kibinafsi, kwa hivyo piga simu kwanza uulize kama ipo na bei yake. Mwenye homa kali angoje ipoe. Aliyewahi kudhurika vibaya na chanjo ya mafua amwambie daktari kabla ya kudungwa. Na kikohozi kilichozidi wiki mbili bila kujulikana chanzo chake kipimwe kifua kikuu.

Unapompeleka mzee wako, beba dawa zake zote, hata kile kipulizo kilichokwisha, daktari avione.