Simu 33 Zilizosomwa Moja Moja

Oktoba 2007, Fiona Pilkington, mkazi wa Barwell katika kaunti ya Leicestershire, Uingereza, alimuua binti yake wa miaka 18, aliyekuwa na ulemavu mkubwa wa akili, kisha akajiua. Kwa miaka mingi vijana wa mtaani walikuwa wakiizingira nyumba yao, wakirusha mawe na mayai na kuikejeli familia. Mama huyo aliwapigia polisi simu mara 33. Baraza la wazee wa mahakama liliamua mwaka 2009 kwamba uzembe wa polisi na wa halmashauri mbili ulichangia vifo hivyo. Taarifa zilikuwepo tele, ila kila moja iliandikwa kama fujo za vijana, na fujo za leo hazimlazimishi askari kufungua faili la jana. Tangu Aprili 2005 sheria ya nchi hiyo ilikuwa tayari inamtaka hakimu aongeze adhabu pale kosa linapotokana na uhasama dhidi ya ulemavu wa mtu. Sheria hiyo haiwezi kufika mahakamani ikiwa askari wa zamu hakuliandika kosa kwa jina lake, na ndiyo maana nadhani msaada wa kweli huanzia kwenye daftari la polisi.

Wapo wanaosema katika makosa ya aina hii hakuna chuki, kuna tamaa tu: mwizi huchagua anayeibika kirahisi. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa wale wanaojifanya marafiki. Steven Hoskin, mtu mwenye ulemavu wa akili wa St Austell huko Cornwall, aliwakaribisha watu chumbani kwake akiamini amepata wenzake. Walikiteka chumba, wakala fedha zake, wakamdhalilisha, na Julai 2006 wakamuua. Tamaa ingetosheka na fedha. Mateso yale hayakuwa na faida yoyote mfukoni. Anayemtesa mtu namna hiyo ameshamhesabu kuwa si mtu kamili. Tume ya Sheria ya Uingereza na Wales ilipendekeza mwaka 2021 kwamba kando ya uhasama, sheria itaje pia ubaguzi kama kichocheo cha kosa. Naona ilipatia.

Pingamizi jingine ni la uhuru: tukimchunguza kila rafiki wa mtu mwenye ulemavu wa akili, tutamrudisha kifungoni. Ni kweli, na waliokulia ndani ya taasisi wanakijua kifungo hicho. Lakini Hoskin mwenyewe ndiye aliyekataa kuendelea kutembelewa na ustawi wa jamii, na uamuzi wake ukakubaliwa bila mtu kuuliza ni nani waliokuwa wakiishi naye. Kuuliza hakumnyimi mtu uhuru; huenda uamuzi ule haukuwa wake.

Kuuliza nako kuna ufundi wake. Mahakamani, sheria ya ushahidi ya Uingereza ya mwaka 1999 inaruhusu mwezeshaji wa mawasiliano akae na shahidi, maswali yavunjwe vipande vifupi, picha zitumike. Wanaohofia kwamba atamtilia shahidi maneno mdomoni wasahau hilo, maana wajibu wake ni kwa mahakama. Tatizo ni kwamba askari lazima ajue mapema kuwa shahidi anamhitaji mwezeshaji, na mtu aliyezoea kuficha ulemavu wake kwa kuitikia "ndiyo" kwa kila swali huonekana kama shahidi asiye na shida yoyote.