Fedha ya Urusi: Linganisha mihuri kabla ya kulipa

Wanunuzi wa vyombo vya kale vya fedha na enameli kutoka Urusi wanashauriwa wasilipe bei ya jina la Fabergé kabla ya kulinganisha mihuri yote iliyogongwa kwenye chombo.

Namba 84 huonyesha ubora wa madini tu: sehemu 84 za fedha kati ya 96, sawa na 875 kwa 1,000. Haimtaji sonara. Huyo hutambulika kwa herufi za Kirusi, mfano М.П. za Mikhail Perkhin, aliyeongoza karakana kuu ya Fabergé mjini St Petersburg tangu 1886.

Umri hutajwa na muhuri wa serikali wenye kichwa cha mwanamke aliyevaa kilemba. Kikitazama kushoto, chombo kilipimwa kati ya 1899 na 1908. Kikitazama kulia, ni baada ya hapo.

Hapo ndipo waghushi hunaswa. Perkhin alifariki 1903. Herufi zake zikikutwa pamoja na kichwa kinachotazama kulia, mnunuzi hana budi kufunga pochi na kumwita mtaalamu.