KABLA YA KUSHIKA KALAMU

Katika somo la uandishi sisi wa kidato cha sita tumefundishwa mambo mawili ambayo si vema kuyaacha darasani. La kwanza ni kumjua mtu unayemwandikia. La pili ni kuyachunguza yale unayotaka kumwambia. Wengi hudhani kuwa kuandika ni kupanga maneno mazuri. Maneno mazuri hayadhuru, lakini yasipoeleweka na msomaji, au yakiwa si ya kweli, hayana faida.

Bwana Mwalimu alitupa kazi hii: tuandike karatasi ya ukurasa mmoja juu ya ugonjwa wa kichocho, isomwe na watu wa mwalo ulio chini ya shule yetu, hapa Uganda kando ya Ziwa Viktoria. Kazi hiyo haikuwa ya kutafuta alama tu. Watoto wa mwalo huo huoga ziwani kila siku, na ugonjwa huo usipotibiwa kwa miaka mingi huharibu ini na waweza kuua.

Kabla ya kuandika neno hata moja, ilitupasa kujibu maswali manne. Ni nani atakayesoma? Anajua nini tayari? Anaogopa nini? Na akiisha kusoma, twataka afanye nini?

Swali la kwanza lilituamulia lugha. Mwaloni wako Waganda, Wasoga, Wajaluo na watu waliotoka Tanzania. Basi tukaandika kwa Kiswahili, na upande wa pili kwa Kiganda.

Swali la pili lilituonyesha jambo kubwa zaidi. Watu wengi wakisikia kichocho hufikiri habari ya kukojoa damu. Ni kweli namna hiyo ipo, lakini iliyoenea zaidi kando ya ziwa hili ni kichocho cha matumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo. Mayai mengine hutoka pamoja na choo kikubwa, na mengine hubaki mwilini yakiumiza ini. Mvuvi asiyeona damu katika mkojo wake akisoma “Jihadharini na kichocho,” atasema, “Mimi simo,” na kuipita karatasi. Kwa hiyo mstari wetu wa kwanza ulisema: Waweza kuwa na kichocho hata kama mkojo wako ni safi.

Swali la tatu halijibiwi ukiwa umekaa darasani. Tulishuka mwaloni tukauliza. Mzee mmoja alituambia, “Wanangu, vile vidonge nilivimeza alfajiri nilipotoka ziwani, tumbo tupu. Nikaona dunia yazunguka. Tangu siku ile nimewakataza vijana wangu.” Tukaenda kwa mhudumu wa afya, naye akatueleza kuwa dawa hiyo, iitwayo prazikwanteli, yaweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu kwa muda mfupi, na kwamba mtu akila kwanza taabu hiyo hupungua. Neno hilo la chakula tukaliandika kwa herufi kubwa, maana kwa ajili ya neno hilo moja watu wa mtumbwi mzima walikuwa wamekataa dawa.

Swali la nne hutaka busara. Kumwambia mvuvi asiingie majini ni sawa na kumwambia mkulima asiguse udongo. Tuliandika yale anayoyaweza: atumie choo, asijisaidie ziwani wala ufukoni, ameze vidonge kila vinapoletwa, maji ya kuoga yachemshwe, au yatekwe na kuwekwa siku mbili, na watoto wasicheze majini, hasa karibu na adhuhuri.

Sasa nije kwenye uchunguzi. Tulifundishwa kanuni tatu.

Kwanza, tazama mwaka wa kitabu. Kimoja cha zamani katika maktaba yetu chasema kichocho hutibiwa kwa sindano za antimoni. Mwandishi wake hakusema uongo. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi, tangu Daktari J. B. Christopherson alipotangaza matibabu hayo huko Khartoum mwaka 1918. Lakini prazikwanteli ilivumbuliwa katika miaka ya 1970, na mpango wa taifa wa Uganda wa kupambana na kichocho, ulioanza mwaka 2003, umetumia vidonge hivyo. Anayenakili kitabu bila kutazama mwaka wake angewatisha watu kwa sindano ambazo hazitumiki tena.

Pili, usitosheke na shahidi mmoja. Mwaloni tulisikia mara nyingi kwamba kichocho hutokana na kunywa maji machafu. Vitabu na mhudumu wa afya walitupa habari nyingine. Theodor Bilharz aliiona minyoo hii Cairo mwaka 1851, lakini njia yake haikujulikana mpaka Robert Leiper alipoionyesha huko Misri mwaka 1915. Mayai yakifika majini huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali, navyo hupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Basi hata asiyekunywa tone la maji ya ziwa yumo hatarini. Kumbuka pia kwamba watu kumi wakirudia neno walilosikia kwa mtu mmoja, huyo bado ni shahidi mmoja.

Tatu, andika ulikolipata kila neno. Kila mmoja wetu alikuwa na kadi ndogo. Juu yake aliandika jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Au kazi ya mtu aliyeulizwa, na siku aliyoulizwa. Tulitenga yale tuliyoyaona kwa macho, yale tuliyoambiwa, na yale tuliyoyadhani. Ya kudhani hayakuingia katika karatasi.

Baadaye tuliandika barua ya pili juu ya jambo lile lile, kwa baraza la wilaya, kuomba vyoo mwaloni. Hiyo tuliianza kwa hesabu: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji dawa ya kuzuia kichocho, na karibu wote wako Afrika. Kwa mvuvi hesabu hiyo si kitu, lakini mjumbe wa baraza anayegawanya fedha huhitaji kujua ukubwa wa jambo. Wasomaji walibadilika, na mpango wa maneno ukabadilika, lakini kweli ilibaki ile ile. Anayebadili kweli ili kumpendeza msomaji hamheshimu.

Kabla ya kuibandika karatasi, tuliwasomea vijana wawili wa mwaloni tukawaomba watueleze kwa maneno yao. Kila walipokwama tulibadili neno letu, wala hatukuwalaumu. Sasa imebandikwa penye mizani ya samaki, na wajuao kusoma huwasomea wengine.

Ndugu zangu wa zamani, baadhi yenu mko maofisini na hospitalini, na kila siku mwaandika matangazo. Nanyi wadogo wa kidato cha kwanza, kesho mtaandika. Ukishika kalamu, jiulize maswali manne, na uwe na kadi yako mfukoni. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na asiyejifunza hana la kumwandikia mwenziwe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita