Mguu Mpana na Namba ya Kiatu

Mwanafunzi wa Mvumi aliyezoea kutembea pekupeku au kwa katambuga za tairi hulazimika kuvaa viatu vyeusi vya kufunga aingiapo sekondari. Vikimbana vidole, huambiwa achukue namba kubwa zaidi. Ushauri huo una kasoro ya hesabu.

Katika kipimo cha Ulaya, namba hupima urefu: kila namba huongeza theluthi mbili za sentimita. Aliyekosa upana akanunua urefu huishia na nafasi tupu mbele ya vidole. Kiatu hukunjika pasipo mkunjo wa mguu, na kisigino hupwaya hadi kutoa malengelenge. Upana una kipimo chake. Viatu vya hoki ya barafuni, ambavyo ni vigumu mno kutanuka, huuzwa kwa herufi pia: D kwa mguu wa kawaida, EE kwa mpana.

Wala mguu mpana si kilema. Mwaka 2009 Kristiaan D'Août na wenzake walionyesha kwamba Wahindi watembeao pekupeku wana miguu mipana zaidi, nayo hugawanya mkandamizo kwa usawa zaidi. Katambuga haina shida hii, maana fundi aweza kuukata mpira kwa kuufuata mguu wenyewe.

Mnunuzi na asimame juu ya karatasi wakati wa jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, auchore, kisha aweke soli juu ya mchoro. Mchoro ukizidi soli, kiatu hicho kitabana. Kwa mgonjwa wa kisukari au ukoma aliyepoteza hisia miguuni jambo hili ni la lazima: yeye hasikii kubanwa, huja kuona kidonda.