Chambo cha Nzi wa Matunda Kiwekwe Wanakolala

Mkulima wa matango akiona tunda limepinda na lina kitone cha utomvu uliokauka ubavuni, mara nyingi hukimbilia bomba na kulowesha shamba zima kwa dawa. Amechelewa. Akilipasua tunda lile atakuta nyama imegeuka majimaji, funza weupe wamejazana, na wale waliokomaa wakitolewa nje hujikunja na kuruka. Dawa iliyobaki juu ya ganda haiwafikii. Wakimaliza kula hujidondosha, huingia ardhini na kugeuka pupa, na huko nako bomba haliwapati. Wa kumlenga ni nzi mwenyewe, hasa jike, kabla hajataga.

Jike huyo ana udhaifu mmoja. Akitoka kwenye pupa, mayai yake hayajakomaa. Huhitaji siku kadhaa za kula, na zaidi ya sukari anatafuta protini ili mayai yakomae. Huo ndio mlango wa chambo. Huchanganywa protini iliyovunjwavunjwa, kwa mfano ya chachu inayobaki kwenye viwanda vya bia, ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, wameifanyia kazi kwa miaka mingi, pamoja na kiuatilifu kidogo. Nzi hufuata harufu, hula, hufa. Kiuatilifu kinachotumika sana siku hizi ni spinosadi, inayotokana na bakteria wa udongo.

Kwa kuwa nzi ndiye anayeifuata dawa, hakuna haja ya kupuliza kila jani. Matone makubwa yanatosha, yakiwekwa sehemu sehemu chini ya majani ili jua na mvua visiyaharibu upesi. Ukungu mwembamba hukauka mara moja na kupotea bure. Kwa kawaida kazi hurudiwa kila wiki, na mvua kubwa ikinyesha hurudiwa mapema zaidi. Vipimo vifuate lebo, maana chambo kikali kupita kiasi huweza kuunguza majani.

Wengi hukosea mahali pa kukiweka. Nzi anayeshambulia mazao ya jamii ya maboga, ambaye wataalamu humwita Zeugodacus cucurbitae, hakai muda mwingi kwenye matikiti wala matango. Hupumzika kwenye mimea mirefu ya pembeni, huingia shambani kutaga, kisha hurudi kivulini. Huko Hawaii, ambako nzi huyu alifika mwishoni mwa karne ya 19, wakulima walifundishwa kuzungushia shamba mistari ya mahindi na kupaka chambo kwenye mahindi hayo. Njia hiyo inafaa kwetu pia, mradi mahindi yatangulie kupandwa ili yawe yamerefuka matunda yanapoanza kufunga. Mbarika nao hukimbiliwa na nzi hao. Faida nyingine ni kwamba dawa hukaa mbali na maua, na bila nyuki hakuna boga wala tikiti.

Chambo hiki kisichanganywe na ile mitego ya kuning'iniza yenye kivutio cha madume. Mitego hiyo inasaidia kujua kama nzi wapo, lakini kujaa kwake hakumaanishi shamba limepona: dume mmoja aliyebaki huweza kupanda majike wengi. Wala kuwa mitupu si dalili ya usalama. Dacus ciliatus, nzi wa Kiafrika anayeshambulia matango na maboga hayo hayo, havutwi na vivutio vya madume vilivyozoeleka.

Chambo nacho kina mpaka wake. Jike anayetoka shamba la jirani akiwa na mayai yaliyokomaa hana njaa kubwa ya protini. Anatafuta tunda tu, na anaweza kupita karibu na chambo bila kugusa. Majike kama hao hupunguzwa kwa kila shamba kuokota matunda yote yaliyodungwa, yaliyo chini na yaliyo kwenye mmea, na kuyafukia nusu mita au zaidi, au kuyafunga kwenye mifuko myeusi ya plastiki na kuyaanika juani mpaka funza wafe. Kuyatupa kando ya shamba, kama tunavyofanya wengi, ni kuwafuga.

Kwa hiyo anza chambo maua yanapochanua, usingoje tunda la kwanza lipinde. Tena zungumza na majirani muanze wiki moja, kwa sababu shamba moja lenye chambo katikati ya matano yenye matunda yaliyooza litaendelea kupata hasara.